Setilaiti bado ina tyubu kama TV ya chogo, na tyubu ya baridi imewatesa wataalamu miaka 60

Naandika kutoka huku Nyakakika, Karagwe. Leo hakuna siasa wala udaku. Nilipoandika kidogo kuhusu intaneti ya setilaiti, mdau mmoja aliniuliza kwenye maoni: "Setilaiti haina tairi wala injini, iko tu angani inaelea, sasa inachoka vipi?" Nikaanza kumjibu palepale, jibu likazidi kurefuka mpaka mwenye kafe akaanza kuzima mashine. Nimeona bora niliandikie mada yake. Vumilieni, ni ndefu.

Jibu langu linaanzia kwenye kibanda umiza.

Ilikuwa Jumamosi, Mei 19, 2012. Fainali ya Ulaya, Bayern na Chelsea, mechi inapigwa Munich. Nilikuwa na miaka kumi. Kibanda cha huku kwetu kilikuwa na dishi juu ya bati, jenereta nyuma, na TV moja kubwa ya chogo iliyofunikwa kitambaa cha kufuma mchana kutwa kama bibi harusi. Kiingilio shilingi mia mbili. Ile TV ilikuwa imeanza kufifia kwa wiki kadhaa. Ukiiwasha ilikuwa inachukua muda mrefu kuleta picha, na picha ikija ni ya giza giza, mpaka mzee mwenye kibanda aongeze mwanga hadi mwisho. Siku hiyo, kipindi cha pili, tukaona skrini imezima taratibu kama taa ya koroboi iliyoishiwa mafuta. Picha hamna. Sauti ipo.

Basi fainali ile tuliisikiliza. Kijiji kizima kimekaa gizani kinaangalia TV nyeusi. Mtangazaji anaongea Kiingereza, kaka mmoja wa kidato cha tatu anatutafsiria. Bayern wakafunga dakika ya 83, tukasikia kelele. Drogba akasawazisha kwa kichwa dakika ya 88, tukasikia kelele nyingine. Penalti ndiyo usiseme, kila mtu anauliza "amepata? amekosa?" Wengine walidai hela yao, na mzee akawarudishia mia mbili mbili bila kugombana na mtu. Sijui kama alilala usiku ule. Kile kibanda kilikuwa ndicho kinasomesha watoto wake.

Jumatatu fundi alikuja kutoka Kayanga. Watoto tukajazana mlangoni. Alifungua mgongo wa TV akatuonyesha shingo ya tyubu, pale kwenye chogo. "Hapa palitakiwa pawake kidogo, rangi ya chungwa kama kaa la moto. Waya wa moto umekata. Na hata usingekata, hii tyubu ilishachoka."

Nikamwuliza, "Shikamoo fundi. Inachoka vipi wakati haitembei?"

Akacheka. "Marahaba. Waitu, kijana, hata wewe ukikaa juani bila kufanya kitu si unachoka?"

Nilikaa na jibu lile miaka mingi. Kidato cha nne tulifundishwa mada ya elektroni kutoka kwenye chuma kilichopashwa moto, nikaikariri neno kwa neno, swali likaja kwenye mtihani nikalijibu vizuri. Hakuna siku niliyofikiri kwamba ile mada na ile TV ni kitu kimoja. Nimekuja kuunganisha mwenyewe baada ya shule, hapa kafe, kwa shilingi zangu.

Mchezo uko hivi. Ndani ya chuma chochote kuna elektroni zinazozurura, nyingi kupita kiasi, lakini hazitoki nje. Zifikirie kama ng'ombe ndani ya zizi. Uzio upo, na ng'ombe aliyetulia hawezi kuuruka. Ukitaka watoke, njia ya kwanza ni kuwachachamaza. Pasha chuma moto, elektroni zitaruka ruka, na zile zenye nguvu zaidi zitavuka uzio. Ndiyo maana kwenye shingo ya TV kulikuwa na kawaya kanakowaka. Kanapasha kakifuniko kadogo kaitwako kathodi mpaka kufikia kama nyuzi joto 800, elektroni zinatoka, zinavutwa na umeme wa maelfu ya volti mpaka kugonga kioo cha mbele, kioo kinang'aa, wewe unamwona Drogba. Kusubiri picha baada ya kuwasha ilikuwa ni kusubiri kathodi ipate moto. Na kuchoka kwake ni hivi: kathodi inapakwa dawa yenye bariamu inayosaidia elektroni kutoka kwa urahisi, na ile dawa inaisha kidogo kidogo kwa sababu ya moto wenyewe. Fundi hakukosea. Kinachokaa motoni kinachoka.

Sasa ninachotaka kukwambia ni kwamba usiku ule tyubu za namna hii zilikuwa mbili. Moja ilikuwa kibandani, ikafa. Nyingine ilikuwa juu ya vichwa vyetu kwenye setilaiti, karibu kilomita 36,000 kutoka usawa wa ikweta, na ndiyo iliyokuwa inatuletea hiyo sauti.

Setilaiti ya mawasiliano kazi yake ni kama mtu aliyesimama juu ya kilima. Wa bonde hili anamnong'oneza, yeye anawapigia kelele wa bonde la pili. Mawimbi yanayomfikia kutoka ardhini yamedhoofika vibaya sana, kwa hiyo lazima ayakuze kabla ya kuyarudisha. Anahitaji amplifaya. Wote mnaijua amplifaya ya harusi, ile inayosikika mpaka kijiji cha jirani. Hii ya angani haikuzi sauti, inakuza mawimbi ya maikrowevu, yale yanayobadilika mwelekeo mabilioni ya mara kwa sekunde. Na umeme wake unatoka kwenye sola, hakuna wa kumwongezea mafuta, kwa hiyo haitakiwi kupoteza umeme hovyo.

Amplifaya inayotumika sana kwa kazi hiyo ni tyubu. Ndiyo, tyubu yenye ombwe ndani, hewa imetolewa yote, ndugu kabisa wa chogo la TV. Wazungumzaji wa Kiingereza wanaita TWT, na mimi nitatumia hizo herufi ili vidole vyangu visichoke.

Aliyeibuni alikuwa na historia ya kushangaza. Rudolf Kompfner, mzaliwa wa Austria, alisomea usanifu wa majengo. Alihamia Uingereza miaka ya 1930, vita ilipochacha wakamfungia kambini kisiwa cha Man kwa sababu ya asili yake, halafu baada ya kumwachia wakampeleka Chuo Kikuu cha Birmingham kusaidia utafiti wa rada. Huko, mwishoni mwa 1942 na 1943, mchora ramani za nyumba akatengeneza kitu ambacho wanafizikia walikuwa hawajakipata. John Pierce wa maabara za Bell kule Marekani akakichukua na kukiendeleza, na Julai 10, 1962 setilaiti ya Telstar ikaruka ikiwa na TWT ndani yake, nguvu yake kama wati 2 tu. Siku hizi TWT moja ya setilaiti inaweza kutoa wati 100 na zaidi, na zilizo bora zinageuza zaidi ya nusu ya umeme wanaopewa kuwa mawimbi.

Inavyofanya kazi, chukua mfano wa milima yetu. Kuna barabara ya kona kona inayozunguka mlima, na kuna njia ya mkato ya wanaotembea kwa miguu inayoshuka moja kwa moja. Bodaboda inakimbia lakini inazunguka kona zote. Mtembea kwa miguu yuko taratibu lakini kanyoosha. Wanaweza kushuka mlima wote wakiwa sambamba, wanaonana kila kona, wanapiga stori. Ndani ya TWT kuna waya uliosokotwa kama springi ya kalamu. Wimbi linapita kwenye springi kwa kasi ya mwanga lakini linazunguka kila duara. Elektroni zinapita katikati ya springi, zimenyooka, kwa kasi iliyo kama sehemu ya kumi ya mwanga. Kwa hiyo wanakwenda sambamba. Wimbi linazisukuma elektroni nyingine na kuzivuta nyingine mpaka zinajikusanya makundi makundi, na yale makundi yanapunguzwa mwendo kidogo, na nguvu yao inahamia kwenye wimbi. Wimbi linaingia dhaifu upande huu, linatoka upande wa pili limekuzwa mara 100,000 au hata zaidi. Mimi niliposoma hapo nilirudia mara tatu, nikalipia nusu saa nyingine.

Msidhani hii ni habari ya Marekani tu. Mwaka 1970 kituo cha Longonot, Bonde la Ufa kule Kenya, kilianza kuunganisha Afrika Mashariki na dunia kwa setilaiti, enzi za Jumuiya ya kwanza, na madishi ya vituo vya aina ile yalikuwa na upana wa karibu mita 30. Mpaka mkongo wa Seacom ulipofika Dar es Salaam na Mombasa Julai 2009, sehemu kubwa ya intaneti ya nchi zetu ilipanda juu na kushuka tena. Kila barua pepe iliyotumwa kafe miaka ile, kila picha iliyochukua dakika kumi kufunguka, ilipitia kwenye mikono ya amplifaya za namna hii. Wakubwa zetu waliolipa shilingi elfu moja kwa saa walikuwa wanalipia kathodi ya moto bila kujua.

Na moto wenyewe si mdogo. Kathodi ya TWT ya kisasa ni tangisteni yenye vitundu vidogo kama sponji, imelowekwa dawa ya bariamu, na inafanya kazi karibu na nyuzi 1,000. Tangisteni ndiyo hiyo wolframu. Watu wa Kyerwa mnaochimba bati mnajua jirani yake ni nani, maana miamba yetu inaendelea mpaka Rwanda na Uganda, na huko wolframu inachimbwa, mfano Nyakabingo kule Rwanda. Inapendwa kwa sababu haiyeyuki mpaka ifike kama nyuzi 3,400. Sisemi kwamba jiwe la huku ndilo liko kwenye setilaiti fulani, hilo siwezi kujua. Nasema tu kwamba kinachowaka kule juu ni udongo wa aina hii hii tunaoukanyaga.

Hapo sasa ndipo wataalamu wakajiuliza swali. Je, lazima moto? Moto unakula umeme, unafanya vyuma vitanuke, unataka dakika kadhaa za kusubiri kabla hujaweka volti kubwa, na unamaliza ile dawa. Kwa nini tusipate kathodi ya baridi, unawasha na elektroni zinatoka papo hapo?

Njia ilijulikana zamani. Turudi kwenye zizi. Njia ya kwanza ilikuwa kuwachachamaza ng'ombe waruke. Njia ya pili ni kuufanya uzio uwe mwembamba sana. Ng'ombe wa kweli hapo bado hatoki, lakini elektroni siyo ng'ombe. Elektroni ina tabia ya wimbi, na uzio ukiwa mwembamba vya kutosha, baadhi yake zinajikuta upande wa pili bila kuruka. Zimepita ndani ya uzio, uzio haujavunjika. Najua inasikika kama uchawi, lakini mwaka 1928 Ralph Fowler na Lothar Nordheim pale Cambridge waliipigia hesabu na hesabu ikakubali.

Kinachoufanya uzio uwe mwembamba ni mvuto mkubwa wa umeme kutoka nje. Tena mkubwa kweli, volti bilioni kadhaa kwa kila mita. Ukitumia vibati viwili bapa vilivyoachana sentimita moja, utahitaji kama volti milioni 30. Nani anazo?

Dawa yake ni ncha. Angalieni fimbo ya kuzuia radi juu ya paa la kanisa, imechongwa. Mvuto wa umeme unajazana penye ncha kali. Kwa hiyo tengeneza ncha kali sana, halafu weka kinachovuta karibu sana nayo, na volti 100 hivi zinaweza kutosha. Mwaka 1961 Ken Shoulders wa taasisi ya SRI kule California alipendekeza kutengeneza vitu hivi kwa udogo wa ajabu, na 1968 mwenzake wa hapohapo, Charles Spindt, akaandika jinsi ya kuzitengeneza. Mpaka leo zinaitwa kathodi za Spindt.

Njia yake naipenda sana, na ukiielewa unaweza kuijaribu jikoni kwa unga. Chukua kikombe, funika kwa karatasi yenye tundu dogo katikati, halafu chekecha unga kutoka juu. Unga unaopita kwenye tundu unajikusanya chini kama kichuguu. Sasa fikiria unga mwingine unang'ang'ania kwenye kingo za tundu na kulifanya lizibe kidogo kidogo. Tundu likiwa pana, kichuguu kina kitako kipana. Tundu likipungua, kichuguu kinachongoka. Siku tundu linaziba kabisa, kichuguu kimeishia na ncha kama ya sindano. Spindt alifanya hivyo hivyo, ila badala ya unga ni mvuke wa madini ya molibdenamu, na tundu lina upana wa kama elfu moja ya milimita. Ule utando wa chuma wenye tundu ndio unabaki kuwa geti la kuvutia elektroni. Ncha yenyewe ni nanomita makumi machache. Unywele wako mmoja ni kama nanomita 80,000. Na unazipanga maelfu kwa maelfu kwenye eneo dogo kuliko punje ya harage, zote zinatoa elektroni bila kupashwa moto.

Ukiishia hapo utasema kazi imekwisha tangu 1968. Mimi pia nilisema hivyo. Kumbe kutoa elektroni ndiyo ilikuwa sehemu rahisi. Kinachowatesa watu mpaka leo ni kuifanya isife.

Ncha elfu kumi haziwezi kufanana. Itakuwepo moja kali kuliko wenzake, na kwa kuwa ni kali, mkondo mkubwa wa umeme unapitia kwake. Mkondo ukizidi, inapata joto. Ikipata joto inaweza kuyeyuka kwa ghafla, cheche inaruka kati yake na geti, na chuma kilichorushwa kinaunganisha ncha na geti. Shoti. Na kwa kuwa geti ni moja la wote, ncha moja iliyojifanya hodari inaweza kuua kathodi nzima. Halafu kuna hewa. Hata ombwe zuri linabaki na chembe chache za hewa. Elektroni zikizigonga, zile chembe zinapata chaji na kuvutwa kurudi nyuma, zinaipiga ncha kama mvua ya mawe kwenye migomba. Chembe nyingine zinanata kwenye ncha na kubadilisha kiasi cha elektroni, leo nyingi, kesho chache. Kathodi ya moto haijali sana uchafu kama huo. Ile ya baridi ni kama mgeni wa mjini, kila kitu kinamdhuru.

Dawa mojawapo ni kuweka chini ya ncha kizuizi kidogo cha mkondo, ili ncha inayotaka kuvuta zaidi ijibane yenyewe. Kampuni ya NEC ya Japani ilikwenda na njia hiyo na mwishoni mwa miaka ya 1990 ikaonyesha TWT ndogo zinazofanya kazi bila moto. Marekani, David Whaley na wenzake, wakishirikiana na Spindt mwenyewe na SRI, walifikisha TWT ya kathodi baridi kwenye wati 100 na kuandika matokeo mwaka 2009. Angalia hizo tarehe. Kutoka njia ya kutengeneza ncha mpaka wati 100 ni zaidi ya miaka 40, na mtu mmoja kaanza akiwa kijana na bado yumo.

Kuna ambao waliacha chuma wakahamia kwenye kaboni. Mwaka 1991 Sumio Iijima wa Japani alieleza vijiti vya kaboni vyenye uwazi ndani, vyembamba kuliko ncha za Spindt, vigumu na visivyoshikana hovyo na hewa. Wanaviita nanotyubu za kaboni. Kuanzia 1995 ikaonekana vinatoa elektroni vizuri. Mwaka 2005 Kenneth Teo na wenzake wa Cambridge pamoja na kampuni ya Thales ya Ufaransa walionyesha kathodi ya nanotyubu inayowashwa na kuzimwa mara bilioni moja na nusu kwa sekunde. Hiyo ni muhimu sana, nieleze kwa nini. Kwenye TWT ya kawaida elektroni zinatoka mfululizo kama maji ya bomba, na springi ndefu ndiyo inazipanga makundi. Kama kathodi yenyewe inaweza kuzitoa tayari zikiwa makundi, springi inaweza kuwa fupi, na tyubu nzima ikawa ndogo na nyepesi. Kathodi ya moto ni vigumu mno kufanya hivyo kwa kasi hiyo, kwa sababu huwezi kuweka geti karibu vile na kitu cha nyuzi 1,000 bila kuliharibu.

Sasa niwe mkweli, maana kuna blogu zinapenda kuwaambia watu kila kitu "kitabadilisha dunia kesho". TWT za setilaiti bado ni za moto. Na si ubishi wa wazee. Kathodi ya moto ikitunzwa vizuri inafanya kazi angani zaidi ya miaka 15 bila kuzimwa, kama masaa 131,000, piga hesabu mwenyewe. Mtengenezaji wa setilaiti hawezi kupanda juu na bisibisi. Umpelekee kathodi mpya inayookoa wati chache halafu hujui kama itafika mwaka wa pili? Mimi ningekuwa yeye ningekataa. Na upande wa pili kuna vipande vya galiamu nitraidi, yaani transista zenye nguvu, ambavyo vimechukua kazi nyingi za wati chache chache. Kathodi baridi imebanwa katikati. Nafasi yake kubwa naiona kwenye mawimbi ya juu zaidi, ambako transista zinaishiwa nguvu na tyubu inabidi iwe ndogo sana mpaka moto unakuwa kero.

Lakini kuna mahali imeshatoka maabara, na si angani. Ni eksirei. Mashine ya eksirei nayo ni bunduki ya elektroni. Elektroni zinatoka kwenye kathodi, zinagonga chuma, miale inatoka. Ya kawaida ina waya wa moto. Kampuni ya Micro-X ya Australia inatengeneza eksirei zenye nanotyubu za kaboni badala ya waya, na kwa sababu hiyo mashine ni nyepesi, inasukumwa mpaka kitandani kwa mgonjwa. Hapo mimi najali kuliko habari ya setilaiti. Bibi yangu alipokuwa anakohoa miezi miwili, tulimbeba kwenye pikipiki, mimi nimemshika nyuma, akatapika njiani mara mbili, yote hiyo kwa ajili ya picha moja ya kifua. Mashine inayoweza kupandishwa kwenye gari na kuja Nyakakika ingemkuta amelala kwake. Sijaiona huku na sisemi itakuja lini.

Turudi kwa mdau aliyeuliza. Setilaiti inachokaje? Ukweli ni kwamba mara nyingi inaishiwa mafuta kwanza, yale yanayoisukuma kidogo kidogo ibaki mahali pake. Kathodi bado inawaka wakati wanaistaafisha. Lakini ndani yake kuna kitu kinachokaa motoni mchana na usiku, na dawa yake inapungua kila saa, sawasawa na ile TV yetu. Tofauti ni kwamba ile ya juu ilitengenezwa na watu waliojua hakuna fundi wa kutoka Kayanga.

Mzee wa kibanda alipata TV nyingine baada ya miezi kadhaa, ya chogo tena, ya mtumba. Siku hizi ana bapa ukutani. Ile iliyokufa usiku wa Drogba bado ipo, imegeuzwa meza ya kuwekea redio. Juzi nilimwomba nifungue mgongo wake nione kathodi kwa macho yangu. Akaniambia, "Fungua, ila ukimaliza rudisha redio yangu." Nimeiona. Ni kakopo kadogo ka chuma, kadogo kuliko kifutio cha penseli. Picha nitaipandisha nikipata simu yenye kamera nzuri.

Wenye maswali wekeni hapo chini. Kesho na keshokutwa sipo, naanua kahawa, nitajibu Jumatatu.